Kinachokula Betri ya Mukecuru

Keza,

Nakuandikia nikiwa ndani ya Mukecuru, bibi kizee wetu wa lori, nimekaa upande wa abiria, na karatasi nimeiegemeza kwenye ubao wa kukatia mboga kwa sababu humu hakuna meza. Wewe umekwenda Kanombe kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada wa baba yako, hatakuachilia mpaka umekula mara mbili na kubeba vya njiani. Kwa hiyo nina jioni nzima. Barua nitaiacha juu ya usukani, maana ukirudi utapitia huku kwanza kabla hujaingia ndani. Usishtuke. Nimejua siku nyingi.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kula vizuri. Hayo shangazi yako anakwambia sasa hivi, na yaliyobaki utaambiwa na baridi ya Poland yenyewe. Kusoma pia sikuhimizi, ulinishinda kusoma ukiwa shule ya msingi. Nataka kukueleza jambo moja tu, nalo ni kile kinachokula betri ya hili lori. Najua unafikiri unajua. Unajua nusu.

Unakumbuka tulivyoteseka. Baba yako alipofariki, haukupita muda mrefu Mukecuru akaanza kugoma asubuhi. Siku nyingine anawaka vizuri, siku nyingine ukigeuza funguo unasikia tik, basi. Hamisi dereva alikuwa anakuja mlangoni huku kofia ameishika mkononi, kama ndiye aliyeua mtu.

"Mama Keza, iko imekufa tena. Hata haiko inashtuka."

"Jana uliizima vizuri?"

"Niriizima vizuri kabisa. Mana yanjye, Mungu wangu, hii rori itanifukuzisha kazi."

Halafu tunaanza kuwaita vijana wa jirani wasukume, au tunaomba moto kwa lori la mzee wa matofali kule juu. Wakati huo mafundi wa Kinyinya wamekaa kwenye mbao zao wanasubiri mchanga. Msimamizi wa ujenzi akisubiri mara mbili, mara ya tatu anampigia simu mwenye lori lingine, na hakupigii kukwambia kwamba amekuacha. Wewe ulikuwa unasikia tu kwamba lori limekufa. Mimi nilikuwa nasikia wateja wakiondoka mmoja mmoja, na Mukecuru ndiye anayetulisha, hatuna mwingine.

Tulibadilisha betri. Tukabadilisha altaneta. Hamisi akasema mchawi ni spidi gavana, kile kisanduku chenye kitaa cha kijani wanachofunga ili lori lisikimbie, akataka tukipeleke kikapimwe. Wakakipima, hakina neno. Fundi mmoja wa mjini akasema lori limezeeka tu, niliuze. Nikamwambia na yeye amezeeka, mbona mkewe hajamuuza. Hakurudi tena.

Kilichonishangaza baadaye ni kwamba miezi yote hiyo sikugusa waya hata mmoja kwa mikono yangu. Mimi, Keza. Unajua nimekulia wapi. Babu yako alikuwa fundi umeme wa magari kule Ngara, enzi tukiwa wakimbizi, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa. Wenzangu walikuwa wanajifunza kusuka nywele, mimi najifunza kusuka waya. Alinifundisha hivi: betri ikiisha bila sababu, usitafute kilichoharibika. Waya uliokatika hauli kitu, balbu iliyoungua haili kitu. Tafuta kilicho kizima, kinachofanya kazi saa ambayo watu wanadhani kila kitu kimelala. Nilimsikia akiwaambia hivyo madereva mpaka nikawa namaliza sentensi kabla yake, na yeye ananirushia kitambaa chenye grisi. Na bado nilikaa ndani nikiwalipa watu wabahatishe.

Sababu ni kwamba sikutaka kupanda humu. Siku ile pale kwenye mchanga, baba yako akiwa kwenye foleni ya kupakia, presha ikamshika amekaa kwenye usukani. Waliponipigia na mimi nikafika kwa pikipiki, nimeshikilia mgongo wa kijana anayeiendesha, walikuwa wameshamchukua. Mlango wa lori uko wazi. Redio inaendelea kuongea. Watu wamesimama pembeni wananiangalia nitafanya nini. Nikapanda, nikanyoosha mkono, nikazima redio. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofanya nikiwa mjane. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikaifunika, nikashuka, nikafunga mlango. Tangu siku hiyo, shughuli zote za lori nimezifanya nikiwa nimesimama nje yake.

Na sikulia. Wewe uliona. Watu walikuja kukaa na sisi, mimi napanga viti. Mchungaji anaomba, mimi nahesabu vikombe kichwani. Nilidhani ni nguvu, na watu waliniambia ni nguvu, wakanisifu, komera, jikaze, Mama Keza, nikaamini. Haikuwa nguvu. Ilikuwa ganzi, ileile ya daktari wa meno, unajua jino lipo, unaligusa kwa ulimi, lakini ni kama la mtu mwingine. Nilisubiri iishe kama ganzi zote zinavyoisha. Nikafungasha nguo za baba yako mapema, nikazitoa, nikarudi kwenye simu za mchanga.

Ndipo siku ile tukiwa jikoni uliponiambia, "Mama, wewe hata haujaria. Papa alikuwa nani kwako?" Nikakwambia maharage yanaungua. Yalikuwa hayaungui. Najua ulisikia jibu lote lililokuwa ndani ya hayo maharage, na jibu ulilosikia halikuwa la kweli, lakini sikuwa na jingine la kukupa.

Turudi kwenye betri.

Ulipokwenda Huye kwa mafunzo ya hospitali, Mukecuru alipona. Kila asubuhi anawaka mara moja, Hamisi anapiga honi kwa furaha mpaka majirani wakalalamika. Mimi siku chache kabla nilikuwa nimemwambia amwagie vichwa vya betri maji ya moto na magadi, kwa hiyo nikajipa sifa zote. Nilitembea na sifa hizo mwezi mzima. Uliporudi, haikupita hata wiki, tik. Hamisi akasema hewa ya Kinyinya imebadilika. Hata mimi niliyelelewa na fundi niliangalia mbingu.

Halafu ikaja Jumamosi ya umuganda, ya kazi za mtaa. Tulikwenda wote kuzibua mtaro wa barabara ya chini, wewe na vijana wenzako mkabaki huko mnapiga picha na majembe, mimi nikatangulia kurudi. Magari yote yamesimama, mtaa umenyamaza. Mukecuru yuko hapa uani. Hamisi hayupo, fundi hayupo, hakuna wa kumlipa abahatishe. Nikiwa bado na matope miguuni nikachukua ile taa ya babu yako, ile balbu ndogo yenye waya mbili, nikafungua sanduku la betri.

Unachomoa waya wa hasi, unaiweka taa katikati, kati ya waya na kichwa cha betri. Kama kila kitu kimelala, taa nayo inalala, inabaki giza. Yangu iliwaka. Haikuwaka sana, lakini iliwaka. Nikasema haya, mwizi yuko ndani. Sasa unakwenda kwenye fyuzi, unachomoa moja moja, na ukichomoa ile ya mwizi, taa inazima. Nikachomoa ya taa za mbele. Inawaka. Ya honi, inawaka. Ya spidi gavana, inawaka, nikamwomba msamaha. Nikachomoa zote, fyuzi zimejaa kwenye sketi yangu, na taa inanitazama tu.

Maana yake moja. Kuna mtu aliyepitisha waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila fyuzi, bila swichi ya funguo. Nikaufuata kwa vidole. Ulikuwa mwekundu, umepita chini ya sakafu, umeingia kwenye tundu la kanyagio la klachi, umepanda nyuma ya dashibodi. Na pale ulipoungwa, umefungwa gundi nyeusi, na juu ya gundi umefungwa uzi wa gunia la vitunguu kwa fundo mbili. Nani mwingine Kigali nzima anafunga waya kwa uzi wa gunia la vitunguu? Nikakaa chini kwenye matope. Sikulia hapo pia, usifikiri naleta hadithi ya machozi. Niliangalia fundo tu.

Sasa nikueleze kosa la baba yako, maana ni kosa la watu wa malori na ningependa ulijue. Lori hili lina betri mbili zilizoshikana, nguvu zao zikijumlishwa ndipo stata inazunguka. Lakini redio aliyoipenda ni ya gari dogo, inataka nguvu ya betri moja, ukiipa za mbili inaungua. Fundi wa haki anaweka kifaa cha katikati, kinachopunguza nguvu na kuchukua kidogo huku na kidogo huku. Baba yako hakutaka kusubiri kifaa, kulikuwa na mpira siku hiyo. Akaiunga kwenye betri moja tu, na akairuka swichi ili iongee hata funguo zikiwa mfukoni. Basi ile betri moja inabeba redio peke yake, na asubuhi inatakiwa kusukuma lori sawa na mwenzake ambaye hakubeba kitu. Ndiyo maana inakufa. Nyingine imekaa pembeni imejaa, nzima, haina msaada.

Lakini redio ikiwa imezimwa haili betri namna hiyo. Kwa hiyo nikarudisha waya, nikapanda. Mara ya kwanza tangu ile siku. Hamisi hajawahi kuigusa redio ya marehemu, anasikiliza simu yake. Nikatoa kitambaa changu. Redio ilikuwa na joto. Ulipoitwa twende umuganda uliiteremsha sauti mpaka mwisho lakini hukuizima. Nikaipandisha kidogo, mtu akaanza kutangaza mpira. Kiti kimevutwa mbele, kwa miguu mifupi, si ya Hamisi wala ya baba yako. Na pale chini, kando ya kanyagio, maganda ya karanga zako.

Nikaiteremsha sauti kama ulivyoiacha, nikafunika, nikashuka.

Wewe mpira huujui hata kidogo. Ulikuwa unamwuliza baba yako kwa nini wasipewe kila mmoja mpira wake waache kugombana. Na kila jioni, mimi nikidhani uko kwa rafiki yako wa nyumba ya juu, ulikuwa umekaa kwenye kiti chake unasikiliza watu wakigombania mpira.

Nilikuona kwa macho yangu jioni moja ya wiki hiyo. Nilitoka na ndoo kumwaga maji, nikaona kichwa chako nyuma ya kioo, umekilaza kwenye usukani. Kutoka kwenye ndoo mpaka mlango wa lori ni hatua chache za mtoto. Nilisimama. Na hapa ndipo ninapotaka unielewe, hata kama hutanisamehe leo. Sikurudi ndani kwa hasira ya betri. Nilirudi kwa sababu ningefungua ule mlango nikiwa sina kitu. Wewe ulikuwa na huzuni yako mkononi, nzima, inawaka. Mimi nilijikagua nikakuta giza. Nikaona aibu kukaa karibu na mtu anayelia nikiwa mkavu kama tofali. Nikasema nitakwenda ganzi ikiisha, nikamwage machozi yangu kama watu wengine. Nikarudi kwenye sufuria.

Haikuisha. Mpaka leo haijaisha, Keza. Kesho unaondoka na mimi nimekaa hapa nasubiri moyo unishtue, na moyo unafanya tik, basi.

Kitu pekee nilichoweza kukifanya nilikifanya. Hamisi anadhani waya zimejiponya zenyewe, na wewe labda ulidhani una bahati. Kila alfajiri, kabla hujaamka, nilikuwa natoka na chaja, nafungua sanduku, naichaji ile betri moja mpaka Hamisi akaribie kufika. Ningeweza kuukata ule waya wa baba yako kwa mkasi wa kushonea. Ni kazi ya dakika. Kila alfajiri mkasi uko mfukoni na sikuukata. Sikujua kama huko ndiko kuhisi kitu. Nilikuwa naona kwamba jioni utakuja, na ukute inaongea.

Nafikiri sasa babu yako angenicheka. Nilikaa miezi natafuta kilichoharibika. Nilidhani aliyeharibika ni wewe, unanuna, hulali, huli mezani, nikamwambia shangazi yako kwamba mtoto amebadilika. Kumbe katika nyumba hii uliyekuwa mzima ni wewe. Ulikuwa unafanya kazi ya kumlilia baba yako saa ambayo mimi nilidhani kila kitu kimezimwa, na ulikuwa unaifanya peke yako, kwa betri moja, nami nimekaa pembeni nimejaa na sina msaada.

Kwa hiyo sina wosia mzuri wa kukupa. Nina hili tu, nililolipata kwa gharama. Huko uendako utakutana na watu wakavu. Utauguza wagonjwa, na ndugu zao wengine watapanga viti. Usiwaulize marehemu alikuwa nani kwao. Na wewe mwenyewe siku moja unaweza kuwa mkavu, umetoka kwangu, usishangae ukirithi. Ikitokea, usingoje mpaka uwe na cha kubeba ndipo uende kwa mtu wako. Nenda mikono mitupu. Mimi nilingoja, na mwaka mzima wa jioni zako umepita hivihivi, nikiwa na ndoo mlangoni.

Ukishaondoka nitaiunga redio kwa njia ya haki. Kifaa cha katikati nimeshakinunua, kiko kwenye droo ya vijiko. Betri zote mbili zitabeba. Waya mwekundu nitautoa, lakini kipande chenye fundo la vitunguu kimo kwenye... hapana, bado hakimo, kiko mahali pake, kinafanya kazi leo. Nitakukatia kesho kutwa, nitampa shangazi yako akutumie.

Leo hatutengenezi kitu. Nimemwambia Hamisi aligeuze lori kabla hajaenda nyumbani. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia wewe geuza tu. Utaona pua inaangalia bondeni, na mawe mawili yako chini ya matairi. Mukecuru ni wa zamani, dizeli yake haidai umeme mwingi. Kesho asubuhi, betri ikiwa imekufa kabisa, tutatoa mawe, Hamisi atakanyaga klachi, ataliachia lishuke, na kabla ya kona ya mtaro litakuwa limewaka. Sanduku lako litakuwa nyuma, sisi watatu tumebanana mbele, na tutafika uwanja wa ndege wa Kanombe kabla ya muda. Shangazi yako ataona haya kutuona tukishuka kwenye lori la mchanga. Mwache aone.

Ukimaliza kusoma hapa, usije kunitafuta jikoni. Nimeenda kukaanga karanga, nakuja. Sina machozi, nakuambia mapema usije ukayasubiri. Kaa kwenye kiti cha baba yako, mimi nitakaa huku kwa abiria. Washa redio, na usiiteremshe sauti.

Mama yako